Namna ya kufundisha habari za Wazungu na Buganda kwa karatasi moja ya manila

Mwalimu mwenzangu wa historia, ukifika kwenye mada ya Buganda nakusihi usianzie Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika. Mwanafunzi aliyeanzia Berlin humaliza mada akiamini Kabaka, mfalme wa Buganda, alikaa tu akisubiri kutawaliwa. Mimi nafundisha Bukoba, jirani kabisa na Buganda, na jambo hilo linaniuma.

Chukua karatasi ya manila, uigawe safu tatu kwa rula: ikulu ya Kabaka, Pwani, na Ulaya. Miaka iteremke pembeni, 1875 hadi 1894. Mwaka 1890 uachie nafasi kubwa.

Kwenye 1875 tangulia kuandika hofu ya Kabaka Mutesa. Misri ilikuwa inasogea kusini kwa kufuata Mto Nile, na Mwingereza Gordon ndiye gavana wake wa jimbo la Ikweta. Kwa hiyo mvumbuzi Stanley alipofika Aprili, Mutesa aliona mtu wa kumpatia marafiki wenye bunduki. Hapo safu ya Pwani isibaki tupu. Kiswahili kilishazoeleka ikulu kwa sababu ya wafanyabiashara wa Unguja, na Stanley alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni Unguja, amsomee Kabaka maandiko. Darasa langu huchangamka sana hapa. Barua ya Stanley ya kuomba wamisionari ikatoka gazetini London mwezi Novemba. Waanglikana wakafika 1877, Wakatoliki wa Kifaransa 1879. Mutesa aliwakaribisha wote, na Waislamu walishakuwapo, lakini hakumpa yeyote nafasi ya kumtawala mwenzake. Andika pembeni kwa wino mwekundu: Kabaka anawapima.

Miaka inayofuata ipite haraka. Mutesa anafariki 1884, Mwanga anarithi, Askofu Hannington anauawa 1885, vijana waumini wa Kikristo wanauawa 1886, Mwanga anapinduliwa 1888. Anarudi kwa msaada wa Wakristo, na tangu hapo kiti chake kinategemea bunduki za watu wengine. Hilo lisisitize.

Sasa 1890. Kata kadi tatu, uzibandike moja moja. Ya kwanza, mwanzoni mwa mwaka: Mjerumani Karl Peters anamsainisha Mwanga mkataba wa urafiki na Ujerumani. Ya pili, safu ya Ulaya, tarehe 1 Julai: Uingereza na Ujerumani zinapatana, Buganda inaangukia upande wa Mwingereza, Ujerumani inapata kisiwa cha Heligoland. Karatasi ya Peters imekufa, na Mwanga hakuwapo wala hakuulizwa. Waonyeshe ramani: magharibi ya ziwa mstari ulipitishwa nyuzi 1 kusini mwa ikweta, na mpaka wetu na Uganda pale Mutukula umetokana na mstari huo huo.

Kadi ya tatu, tarehe 18 Desemba: Kapteni Lugard wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki anaingia. Hakukubali mahali alipopangiwa kupiga kambi, akapanda kilima cha Kampala, jirani na ikulu ya Mengo, akiwa na askari wa Kisudani na bunduki ya Maxim, yaani bunduki ya mashine. Tarehe 26 Mwanga akasaini mkataba na Lugard. Wanafunzi wazihesabu hizo siku wenyewe.

Kisha uliza: kwa nini alisaini? Watakimbilia kusema alidanganywa. Usilipokee jibu hilo mpaka waoneshe kwenye manila nani alikuwa na bunduki na nani alimhitaji nani. Watagundua kwamba Baganda Wakatoliki, walioitwa “Wafaransa”, na Waprotestanti, walioitwa “Waingereza”, walikuwa wanaviziana. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, Maxim ya Lugard ikawa upande wa Waprotestanti. Uingereza ikatangaza himaya 1894.

Kazi ya nyumbani: kila mmoja aandike barua ya Mwanga ya tarehe 25 Desemba 1890 kwa mtu mmoja anayemwamini, akitumia mambo ya safu ya ikulu pekee. Mimi hukata alama kwa atakayemfanya Mwanga ajue vita vya 1892, na huongeza kwa atakayeonyesha njia nyingine ambayo Kabaka angeweza kuijaribu.