Namna ya Kuwafundisha Wenzako Kurekebisha Picha za Sura Bila Kuzichubua

Mpiga picha anapoweka picha mbili pamoja, moja jinsi ilivyotoka kwenye kamera na nyingine baada ya kurekebishwa, watazamaji husifu na kuuliza alivyofanya, lakini picha hizo mbili haziwezi kuwajibu. Zinaonyesha kazi ilipoanza na ilipokomea. Njia yenyewe, pamoja na kila mahali ambapo fundi alisimama akajiuliza aguse au aache, imefichika. Mwongozo huu nimeuandika kwa mpiga picha aliyekwisha kuujua ufundi wa kurekebisha sura na sasa anataka kuugawa kwa wenzake, awe na mwanafunzi mmoja anayeketi naye studio au kikundi cha vijana wanaofanya kazi kwa simu. Nimeuelekeza kwenye ngozi nyeusi kwa sababu ndiyo tunayoipiga kila siku, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote na watu wenye nia njema.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimpiga picha mzee mmoja wa mtaani kwetu Mombasa, mtu wa msikitini, nikakesha nikiisafisha sura yake. Kwenye paji la uso palikuwa na alama nyeusi, nami nikaifuta kama nilivyofuta madoa mengine. Alipoipokea picha aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, sijda yangu umeipeleka wapi?" Ilikuwa alama ya miaka mingi ya kusujudu, na mimi nilikuwa nimeiondoa kwa kubofya mara mbili. Tangu siku ile simfundishi mtu kushika brashi kabla hajazoea kujiuliza kama alama iliyo mbele yake ni ya kupita au ni ya mwenyewe.

Alama ya kupita ni ile ambayo baada ya wiki mbili haitakuwepo: chunusi, mkwaruzo wa wembe, midomo iliyokauka, uzi wa nguo ulionasa kwenye ndevu. Hizi ziondoe bila wasiwasi. Alama ya mwenyewe ni kidoti, kovu, chale, mikunjo ya macho, sijda, na mwanya. Mwanya nautaja makusudi, kwa kuwa zipo programu zinazorekebisha meno zenyewe na kuuziba kana kwamba ni kasoro, ilhali kwetu watu husifiwa kwa mwanya na nyimbo zimeimbwa juu yake. Alama za kundi hili la pili haziguswi mpaka mwenye sura aulizwe, na jibu lake ndilo linalofuatwa hata kama fundi ana maoni mengine.

Kuandaa faili ya kufundishia

Chagua picha moja tu, na iwe faili ghafi ya kamera (RAW), yaani data ya kamera kabla ya kubanwa kuwa picha ya kawaida. Picha ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na tofauti hiyo hujitokeza hasa pale unapojaribu kuinua kivuli cha shavu jeusi: JPEG hupasuka ikawa mabaka, faili ghafi huvumilia. Wanafunzi wanaotumia simu wanaweza kupiga faili ghafi pia ikiwa kamera ya simu yao inaruhusu, na nyingi za sasa zinaruhusu.

Waeleze kwanza kwa nini picha ilitoka ilivyotoka. Kamera hupima mwanga ikidhani kwamba wastani wa kila kilicho mbele yake ni kijivu cha katikati. Mzee aliyevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe ataifanya kamera ipunguze mwanga, na uso wake utazama gizani. Mtu mweusi aliyesimama mbele ya mlango wa mbao nyeusi ataifanya iongeze, na uso utapauka kama uliopakwa majivu. Hapa si vibaya kugusia kidogo historia. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipanga mashine zao kwa kadi za majaribio zenye sura ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Mwanafunzi akijua hilo ataelewa kwamba chombo kina mazoea yake, na kwamba si kila kinachopendekezwa na programu ni cha kukubaliwa.

Kisha sawazisha rangi ya mwanga. Wengi hubofya sehemu nyeupe ya nguo wakidhani wamepata weupe wa kweli, lakini kanzu nyingi hufuliwa kwa buluu, na programu ikiambiwa kwamba kitambaa chenye buluu ndicho cheupe, itaisukuma picha nzima upande wa manjano. Tumia kadi ya kijivu iliyopigwa pamoja na mhusika katika mwanga uleule. Ikiwa huna, muite mhusika aweke mkono wake kando ya skrini, ulinganishe mwenyewe kwa macho, mchana, mbali na taa za rangi.

Kuhusu programu sina ubishi. Photoshop inafanya kazi hii, na GIMP na Darktable, ambazo hazilipiwi, zinaiweza pia; kwa simu, Snapseed inatosha kuanzia. Kinachotakiwa ni uwezo wa kufanya kazi bila kuharibu picha ya asili, na kwenye kompyuta hilo hupatikana kwa tabaka (layers), ambazo ni kama karatasi angavu zinazolazwa juu ya picha bila kuigusa yenyewe.

Kuifanyia kazi ngozi

Anza na tabaka tupu juu ya picha, uondoe alama za kupita kwa brashi ya kuponya, ukichota ngozi ya jirani kabisa, kwa sababu vinyweleo vya paji havifanani na vya shavu. Kuza picha ili uone, kisha irudishe katika ukubwa wa kawaida kila baada ya dakika chache, la sivyo utajikuta unapigana na vitu ambavyo hakuna atakayeviona.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza, nayo ni mwanga. Tengeneza tabaka mbili za marekebisho, moja ya kung'arisha na nyingine ya kutia giza, kila moja ikiwa imefichwa yote kwa kifuniko cheusi (mask), ambacho huficha athari palipo cheusi na kuionyesha palipopakwa cheupe. Chukua brashi nyeupe laini yenye mtiririko (flow) wa asilimia 5 hadi 10, upake kwenye kifuniko pale tu unapotaka athari ionekane. Kibaka kidogo cha giza chini ya jicho hung'arishwa. Kibaka cheupe kidevuni hutiwa giza. Unasawazisha mpito wa mwanga na kivuli huku vinyweleo vyote vikibaki mahali pake, na hii ndiyo tofauti kati ya ngozi iliyotunzwa na ngozi iliyopakwa plastiki. Kazi hii ni ya polepole. Wapo wanaotumia njia ya kutenganisha rangi na vinyweleo katika tabaka mbili kisha wakaififisha ile ya rangi, na ni njia halali kwa mkono uliozoea, ila mimi simpi mwanafunzi mapema, kwa kuwa humpa matokeo mazuri upesi kabla macho yake hayajajifunza kuona yamezidi wapi.

Mng'ao unahitaji maelezo ya peke yake. Ngozi nyeusi huakisi mwanga kwa ukali kwenye paji, pua na mifupa ya mashavu, na wanaoanza hukimbilia kuufuta mng'ao wote, matokeo yake sura ikawa bapa, haina mfupa wala uhai. Mng'ao ndio unaochora umbo la uso. Kazi yako ni kuutuliza. Fungua tabaka tupu, iweke katika hali ya uchanganyaji (kwenye Photoshop huitwa Darken) inayogusa tu sehemu zilizo angavu kuliko rangi unayopaka, chota rangi ya ngozi iliyo pembezoni mwa mng'ao, upake kwa nguvu ya asilimia 10 au 15. Simama mapema kuliko unavyotamani.

Mwisho ni rangi. Ukiinua vivuli vya ngozi nyeusi, wekundu na udhahabu wake hufifia na ngozi huonekana ya kijivu. Rudisha joto kidogo kwenye vivuli peke yake, ukilinganisha uso na shingo na viganja. Hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Kuna kishawishi cha kuongeza mwanga hadi mtu awe na rangi isiyo yake, na wateja wengine huomba hivyo kwa sauti. Tunaujua mkorogo na tunajua unavyowaumiza watu. Picha iliyochubuliwa inamwambia mhusika, na mtoto wake atakayeirithi, maneno yaleyale ambayo mkorogo unawaambia. Mimi huwakatalia, nikawapigia picha nyingine kwenye mwanga mzuri zaidi, na hadi leo waliofanyiwa hivyo wameridhika.

Kuonyesha njia

Katika enzi za filamu, fundi wa studio alirekebisha negativu kwa penseli iliyochongwa kama sindano, na madoa ya karatasi akayaziba kwa brashi ya nywele chache, na msaidizi alijifunza kwa kuketi pembeni. Pwani yetu ina urithi mkubwa wa kazi hiyo: Capital Art Studio ya Zanzibar ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na Omar Said Bakor wa Lamu alijulikana kwa picha alizounganisha kwa mkono muda mrefu kabla ya kompyuta. Kuketi pembeni ndiko tunakotafuta kukurudisha, kwa vyombo vya sasa.

Kwa hiyo usiwape picha mbili. Wape faili yenye tabaka zote, kila tabaka ikiwa na jina la Kiswahili linaloeleweka: chunusi, kivuli cha jicho, mng'ao wa paji. Juu kabisa weka tabaka moja zaidi ambayo mimi huiita "nilivyoacha". Ndani yake zungushia duara kila kitu ambacho hukukigusa, ukiandika sababu kwa maneno machache: "kovu la utotoni, mwenyewe analipenda", "mikunjo ya kicheko", "sijda". Tabaka hii wanafunzi huifungua kuliko nyingine zote, kwa sababu uamuzi wa kuacha hauonekani kwenye picha iliyokamilika na hauwezi kukisiwa.

Ukirekodi skrini, rekodi kwa mwendo wa kawaida, dakika kumi na tano za kipande kimoja cha uso, ukieleza sababu unapofanya, na makosa yako uyaache humo pamoja na namna ulivyoyarudisha nyuma. Video iliyoharakishwa inapendeza kutazama na haimfundishi mtu lolote.

Ridhaa hutangulia haya yote. Sura ya mtu ni taarifa yake binafsi, na sheria zinailinda: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha aliyokulipa mteja haigeuki kuwa zoezi la darasa bila idhini yake ya maandishi. Picha za harusi za wanawake, hasa za siku ya kupamba ambako bibi harusi huonekana bila buibui, zisitoke mikononi mwa aliyekabidhiwa kwa sababu yoyote ile. Njia salama ya kuanzia ni sura yako mwenyewe: jipige, jirekebishe, wagawie.

Mradi wa pamoja

Ufundi hukaa vizuri mkononi ukiwa na kazi ya kuutumia. Nafanya na vijana mradi wa picha kumi na mbili za mafundi wa mtaa: fundi cherehani, muuza kahawa, mchonga milango, mshona viatu. Masharti ni machache na hayabadiliki. Picha zote hupigwa alasiri, kwenye kivuli cha baraza, kwa lenzi moja, na marekebisho hayazidi dakika thelathini kwa kila sura. Muda mfupi humlazimisha kijana achague jambo moja au mawili yenye maana badala ya kuutembelea uso mzima kwa brashi.

Kila picha hupewa vijana watatu, kila mmoja airekebishe peke yake. Tunachapisha zote tatu kwa ukubwa wa sentimita 20 kwa 25, ukubwa ambao kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli zipatazo 2,400 kwa 3,000, kisha tunampelekea fundi mwenyewe bila majina. Yeye ndiye huchagua, naye huulizwa kwa nini. Muuza kahawa mmoja aliiacha picha iliyotusisimua sote akachukua ile ambayo masizi yalibaki kwenye vidole vyake. Kijana aliyeyasafisha masizi hakuhitaji somo jingine siku ile.

Mkibadilishana faili kwa WhatsApp, zitumwe kama hati, kwani zikitumwa kama picha hubanwa na vinyweleo vyote mlivyovitunza hupotea. Nakala ya kutazamwa kwenye skrini ihifadhiwe katika mfumo wa rangi wa sRGB, upande mrefu ukiwa na pikseli 2,048. Faili yenye tabaka na faili ghafi zikae sehemu mbili tofauti. Picha zilizochaguliwa tunazitundika barazani kwa siku moja, kila moja ikiwa na karatasi yake ya "nilivyoacha" pembeni, na jioni mafundi huzichukua wakaenda nazo nyumbani.