Jinsi ya kuomba kibali cha kujenga nyumba ya ramani yako mwenyewe (hasa ya fremu ya mbao)

Watu wengi wakishapata kiwanja kinachofuata ni kutafuta fundi, kibali wanakuja kukikumbuka siku inspekta kasimama saiti anasema kazi isimame. Na kama nyumba ni ya ramani yako mwenyewe ndo kabisa, maana ramani za kawaida wameshazipitisha sana wanazijua, yako hakuna aliyewahi kuiona kwa hiyo wataikagua mstari kwa mstari.

Anza na ofisi inayosimamia ujenzi eneo lako, na uende KABLA hujamlipa mtu kuchora. Uliza kiwanja kimepangiwa matumizi gani, unatakiwa uache mita ngapi kutoka barabarani na kwa majirani, nyumba inaruhusiwa kufunika sehemu gani ya kiwanja na urefu mwisho wapi. Omba na orodha ya viambatanisho, iwe ya kwao wenyewe, usitumie ya kuambiwa na jirani. Ofisi nyingi siku hizi zinapokea maombi kwa mtandao lakini bado kwenda ukaongea na mtu kunasaidia.

Halafu nyaraka za kiwanja. Uthibitisho wa umiliki, kitambulisho, na ramani ya saveya inayoonyesha mipaka. Jina kwenye hati lifanane na la kwenye fomu herufi kwa herufi, faili linaweza kurudi kwa kitu kidogo kama hicho tu.

Sasa michoro, hapa ndo kuna kazi yenyewe. Utahitaji mchoro wa kiwanja na nyumba ilipokaa (mara nyingi skeli ya 1:200 au 1:500), plani ya kila ghorofa kwa 1:100 au 1:50, sura za nje pande zote nne, na mkato (nyumba ikionekana kama imepasuliwa wima) mmoja au zaidi kuanzia msingi hadi paa. Hiyo ni ya msanifu. Ya injinia ni nyingine, na kwa nyumba ya fremu, yaani ambayo mifupa yake ni mbao, ndo inayorudishwa sana.

Mkaguzi akishika michoro ya fremu anafuata uzito unavyoshuka, kutoka kwenye kenchi, uingie ukutani, ushuke sakafuni, ufike kwenye msingi. Popote njia inapokatika atakuuliza. Umetaka sebule pana isiyo na nguzo na dirisha linalochukua ukuta mzima, sawa, ila ukuta wa chumba cha juu utakaa juu ya nini? Hapo inatakiwa boriti na hesabu zake zimegongwa muhuri wa injinia, siyo maneno ya fundi kwamba "itabeba tu". Michoro itaje ukubwa wa mbao (ile mbili kwa nne iliyopigwa randa, kwa vipimo vya Marekani na Kanada, ni milimita 38 kwa 89, siyo inchi mbili kwa nne kamili), nafasi ya nguzo za ukuta kati kwa kati (katikati ya moja hadi katikati ya inayofuata), ambayo kwa kawaida ni sentimita 40 au 60, linta za juu ya milango na madirisha, bolti zinazofunga mbao ya chini ya ukuta kwenye zege, na mbao hiyo iwe ya dawa kwa sababu inagusana na zege. Ionyeshe pia ukuta unazuiwaje usilale upepo ukipiga, na kama unatumia plaiwudi, misumari inapigwa kila baada ya sentimita ngapi pembeni mwa shiti na ngapi katikati yake. Mtu anaona misumari ni kitu kidogo, kumbe ndiyo inayoshikilia ukuta wote usiyumbe.

Fomu yenyewe ni rahisi. Eneo la sakafu ulilojaza lifanane na la kwenye michoro, lipa ada kwa njia yao rasmi, tunza risiti na namba ya maombi.

Usishtuke maombi yakirudi na maswali, ni kawaida. Jibu hoja moja moja kwa barua, zungushia wingu (mstari wa mawimbi) sehemu uliyobadilisha kwenye mchoro na uandike tarehe mpya. Ukirudisha michoro bila kuonyesha umerekebisha wapi wataanza kusoma upya na wewe ndo utakayesubiri.

Kibali kikitoka angalia kinaisha lini, kinaweza kufa usipoanza kazi. Kopi yenye muhuri ikae saiti. Kuna hatua ambazo lazima uite mkaguzi kwanza, mtaro wa msingi na nondo kabla ya kumwaga zege, na fremu baada ya mabomba na nyaya kupita lakini kabla hujafunika na bodi. Ukifunika mapema unaweza kuambiwa ubomoe.

Na hapo kwenye fremu mchunge sana fundi bomba. Anafika anakuta boriti ya sakafu imemzibia njia, anakata. Kwa boriti ya mbao nzima (siyo ya kuunganishwa kiwandani) kanuni inayotumika sana ni kwamba tundu lisizidi theluthi moja ya kimo chake wala lisiwe karibu na ukingo, na usichonge pengo kabisa kwenye theluthi ya katikati ya urefu wake. Kenchi za kiwandani ndo haziguswi bila karatasi ya injinia.

Ukibadili mawazo katikati, mfano kuhamisha dirisha au kutoa ukuta, peleka mchoro mpya upitishwe kwanza ndo ukate. Mwishoni unaomba ukaguzi wa mwisho na cheti cha kuhamia, ambacho benki au kampuni ya bima wanaweza kukuomba, kwa hiyo usiingize vitanda kabla hujakishika.