Hesabu za kufanya kabla ya kukopa ujenge nyumba za kupangisha Nairobi

Kabla ya kulipa chochote, fanya upekuzi wa hatimiliki kwa msajili wa ardhi, kwa kuwa kiwanja chenye mgogoro hakiokolewi na hesabu nzuri. Kisha upime mkopo kwa miezi mibaya: vyumba 10 vya shilingi 8,000 huingiza 80,000, lakini viwili vikikosa wapangaji zinabaki 64,000, na ushuru wa mapato ya pango, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 na hutozwa bila kuondoa gharama, huchukua 4,800. Benki ikidai 60,000 kwa mwezi, utatoa pesa mfukoni hata kabla fundi wa mabomba hajabisha hodi. Amana ya mpangaji si mapato, iweke kando. Binafsi ningeanza na vyumba vitano, pamoja na akiba ya marejesho ya miezi sita.