Gari la zamani lenye "kilomita chache": mambo ya kukagua kabla hujalipa

Anza na hesabu, ukiwa bado nyumbani. Tangazo linasema: Mercedes 240D ya 1979, kilomita 61,000 tu. Ukizigawa kwa miaka yote hiyo unapata kama kilomita 1,300 kwa mwaka, yaani 25 hivi kwa wiki. Nani hununua dizeli ili aende sokoni na kurudi? Muulize muuzaji swali moja tu: lilikuwa linatembea kidogo kidogo kila mwaka, au lilitembea kawaida kisha likawekwa juu ya mawe? Kama aliyelinunua aliliendesha miaka tisa ya kwanza halafu akaliacha, hizo ni kilomita karibu 6,800 kwa mwaka, jambo linaloaminika. Ila historia hizi mbili huacha alama tofauti kwenye chuma, mpira na kitambaa. Liandike jibu lake. Ukaguzi wote unaofuata ni wa kuona kama gari linasema alichosema yeye.

Angalia pia odomita, kile kipimo cha umbali kwenye dashibodi, inahesabu nini. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 yanahesabu maili, na maili moja ni kilomita 1.6. Aliyesoma 38,000 akatangaza kilomita amekata zaidi ya theluthi ya safari, pengine bila hila yoyote. Kisha hesabu tarakimu. Volkswagen Beetle ina tarakimu tano. Ikifika 99,999 inarudi sufuri. Kwa hiyo 38,000 yaweza kuwa 138,000 au 238,000, na hakuna mtu aliyegusa kitu. Mercedes za familia ya W123, ambamo hiyo 240D imo, zina tarakimu sita, kwa hiyo kuzunguka si hoja. Ugonjwa wa W123 tutaufikia.

Karatasi zije kabla ya safari, hata kwa picha za simu. Kitabu cha sevisi ni kizuri, lakini risiti ni bora zaidi: risiti ya tairi, ya betri, ya pampu ya maji, yenye tarehe na kilomita. Zipange kwa tarehe uone kama namba inapanda. Kitabu kilichojazwa jioni moja hujitaja chenyewe: wino uleule kwa miaka kumi, mwandiko uleule kwa gereji tatu, au muhuri wa 1983 wenye namba ya simu ya mkononi. Usisahau vibandiko vya kubadilisha oili kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti. Mtu anayesafisha namba kwenye dashibodi mara nyingi husahau kibandiko kinachosema oili ijayo ni 187,000.

Kwa gari la kuagiza Uingereza, historia ya MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa kila mwaka huko, iko wazi mtandaoni kuanzia 2005, na kila ukaguzi umeandikwa maili zake. Tafuta namba iliyoshuka, au iliyokwama palepale miaka mitatu huku gari likifeli kwa tairi zilizokwisha. Pengo peke yake si kosa: tangu Mei 2018 magari mengi yaliyozidi miaka 40 yamesamehewa ukaguzi huo. La Marekani, soma hati ya umiliki. Ikiwa sehemu ya odomita imeandikwa EXEMPT, maana yake sheria haikumlazimu muuzaji kuithibitisha namba, basi. Isisomwe kama sifa.

Sasa odomita yenyewe. Kwenye Beetle, waya wa spidi hautoki kwenye gia boksi kama ilivyo kwa magari mengi. Unatoka kwenye kofia ya kitovu cha gurudumu la mbele, umeshikwa na pini ndogo. Pini ikidondoka, mshale na namba hulala pamoja, na gari linaweza kutembea miaka hivyo. W123 ni kinyume chake: gia ndogo ndani ya odomita huteleza kwenye shafti yake, mshale wa spidi unaendelea kucheza vizuri huku namba zimesimama. Dereva haoni shida, haendi kwa fundi. Kwa hiyo namba ndogo yaweza kuwa ya kweli kabisa, ila ni ya siku odomita ilipokufa. Endesha kilomita 10 kwa kipimo cha GPS ya simu, uangalie namba imesogea ngapi. Isiposogea, achana na namba hiyo.

Kisha leta tochi. Tarakimu ziwe kwenye mstari mmoja. Iliyoinama au yenye mkwaruzo usoni imesukumwa na ncha ya kitu, na ya kutazama zaidi ni ile ya kushoto. Saa ya spidi ya Beetle imefungwa kwa ukingo wa chuma uliokunjwa, haifunguki bila kuacha alama za bisibisi. Paneli ya vipimo ya W123 hairuhusu ujanja huo wa kukagua: imebanwa tu, haina skrubu, inavutwa nje kwa ndoano mbili za waya na kurudishwa safi. Kukosa alama hapo hakuthibitishi chochote.

Kipimo kinachofaa kuliko vyote hakihitaji spana: linganisha kilichotumiwa na dereva na kilichokaa bure, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Fungua mlango wa dereva nusu, ushike mwishoni, unyanyue. Fanya hivyo kwa mlango wa nyuma wa upande wa abiria. Kama wa kwanza unacheza kwenye bawaba na wa pili umekaza, mlango wa dereva umefunguliwa mara nyingi mno kwa kilomita 61,000. Bonyeza kiti cha dereva kwa ngumi, kisha cha abiria. Angalia chini kama kuna unga wa sponji au wa nyuzi zilizovunjika. Usidanganywe na ngozi ya bandia ya Mercedes, ile huvumilia kilomita laki kadhaa bila kupasuka. Usukani husema zaidi: plastiki iliyong'aa pale mikono inapokaa haing'arishwi na jua. Mpira wa pedali ni wa bei rahisi, hivyo mpira mpya kwenye gari "ambalo halijaguswa" ni swali, si jibu. Sukuma pedali ya klachi kushoto na kulia uone inavyocheza kwenye egemeo lake.

Kioo cha mbele kikague jua likiwa chini, ukiwa ndani. Vidoa vidogo vya mchanga huonekana kama nyota. Hapa uwe mwadilifu kwa muuzaji: gari lililoishi kwenye barabara za changarawe huchakaa bushi, shokapu na rangi ya pua mapema sana, hata kama kilomita zake ni za kweli. Tairi nazo zina tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya 2017; kabla ya 2000 zilikuwa tatu. Spea ya tangu kiwandani, isiyowahi kugusa lami, ni shahidi mzuri.

Injini iachie mwishoni, kwa sababu inasema hali kuliko umbali. Dizeli ya 240D ikiwa nzima hutoa kompresheni ya bar 22 hadi 24. Chini ya 15, au tofauti ya zaidi ya bar 3 kati ya silinda, ni ugonjwa. Lakini injini iliyofanyiwa ovahoo itapita vizuri, na iliyolala miaka 20 inaweza kufeli kwa sababu ya ringi zilizonata. Mnyororo wa taimingi, unaorefuka kwa kutumika, ni mkweli zaidi. Fungua kava la tapeti, zungusha kranki kwa soketi ya 27 upande inakozunguka injini (usirudishe nyuma), hadi alama ya kamshafti ilingane na alama kwenye nguzo yake. Soma digrii kwenye puli ya kranki. Digrii moja au mbili, mnyororo bado mchanga. Tano au sita kwenye gari la "61,000", funga kava, uage.

Kwa Beetle, shika puli ya kranki kwa mikono miwili, vuta kwako, sukuma mbele. Mchezo unaoruhusiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, mwisho 0.15, kiasi ambacho mkono haukihisi kabisa. Ukisikia "koko", injini imekwisha. Angalia pia namba ya injini iliyopigwa chini ya kiti cha dainamo: ikiwa si injini ya gari hilo, uliza ya kwanza ilikufa kwa kilomita ngapi.

Rudi kwenye jibu uliloandika. Gari lililolala kweli lina dalili za kulala: tairi zenye bapa, kutu ndani ya tangi, silinda za breki zilizoshika, viota vya panya kwenye kisafisha hewa, au risiti za kuvitengeneza vyote hivyo. Likikosa dalili na risiti, halikulala.

Mnapoafikiana bei, mkataba wa mauziano uwe na sentensi moja ya odomita: ama "odomita inasoma 61,000, kilomita halisi hazijathibitishwa", na bei iwe ya gari lisilojulikana umbali wake, ama muuzaji anathibitisha kuwa 61,000 ni kilomita zote, na anatia saini chini yake.