Miondoko Minane na Pumzi: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Kike Mwenye Wasiwasi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsimamia kwa wiki nane mwanafunzi wa mwaka wa pili, ambaye kila alipokaribia chumba cha mtihani mikono ilimtetemeka na tumbo likamsokota. Mazoezi niliyompa ni Baduanjin, mtiririko wa Kichina wa miondoko minane ya polepole unaofanywa kwa kusimama, ambao hauhitaji mkeka wala nafasi kubwa kuliko iliyopo kando ya kitanda cha bwenini. Yoga na Taijiquan (tai chi, mazoezi mengine ya Kichina ya polepole) zinafaa pia, lakini hata mtiririko wa Taijiquan uliofupishwa mwaka 1956 una miondoko 24, na kumpa mwenye wasiwasi orodha ndefu ya kukariri ni kumwongezea mtihani mwingine.

Hatua ya 1: Jipime

Tumia dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, lenye maswali 7 kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita. Alama huanzia 0 hadi 21. Kuanzia 5 wasiwasi ni mdogo, kuanzia 10 ni wa kati, na kuanzia 15 ni mkali. Aliyefikia 10 asiache mazoezi, ila amwone pia mshauri nasaha au daktari. Andika alama zako kwenye daftari la karatasi; anayefungua simu ili aziandike hukutana kwanza na ujumbe wa kundi la darasa.

Hatua ya 2: Jifunze kutoa pumzi

Hapa ndipo nilipokosea kwa muda mrefu. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi "vuteni pumzi ndefu", nao wakavuta kwa nguvu zao zote, mabega yakipanda hadi karibu na masikio. Baada ya dakika chache mmoja alisema vidole vinamchonyota na midomo imekufa ganzi, kisha akaketi chini akilia, akiamini kwamba moyo wake una kasoro. Kilichotokea ni kwamba mtu akihema kupita mahitaji ya mwili, hewa ukaa hupungua katika damu, mishipa ya ubongo hubana, na kizunguzungu huja. Na kwa kuwa dalili hizo zinafanana na za hofu yenyewe, hofu huzidi.

Kwa hiyo anza kwa kutoa, si kwa kuvuta. Kiswahili chenyewe husema aliyetulia ameshusha pumzi, na mwili unakubaliana nacho: tunapotoa pumzi, neva inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni hupunguza kasi ya mapigo. Legeza kifungo cha sketi au suruali, kwa maana tumbo lililobanwa haliwezi kutanuka. Weka kiganja kimoja kifuani na kingine tumboni, kisha vuta kwa pua kwa sekunde 4 bila kulazimisha na utoe kwa sekunde 6, jumla sekunde 10, yaani pumzi 6 kwa dakika. Kiganja cha tumboni ndicho kisogee. Ikiwa muda huo ni mrefu kwako, anza na 3 kwa 4, wala usizuie pumzi katikati. Wapo wanaozidi kuogopa wakifumba macho, na hao watazame sehemu moja ya sakafu. Wapo pia wanaoogopa kukosea hesabu, na hao waache kuhesabu, watoe pumzi wakivuma "mmm", kwani sauti hiyo huirefusha yenyewe. Kizunguzungu kikija, keti na urudie pumzi yako ya kawaida. Usijaribu haya kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani.

Hatua ya 3: Ongeza miondoko

Jifunze miwili kila wiki, ukianza na ule wa kuinua viganja juu kama anayeshikilia mbingu. Mikono ikipanda vuta, ikishuka toa. Siku za hedhi endelea, ila punguza kuinama ukiwa na maumivu.

Hatua ya 4: Rudia kipimo

Jaza dodoso tena wiki ya nne na ya nane, na usome swali moja moja badala ya jumla peke yake. Mwanafunzi wangu jumla ilishuka, lakini swali la kushindwa kutulia lilibaki palepale, ndiyo maana bado anavuma "mmm" mlangoni kabla ya kuingia kwenye mtihani.