Somo: Pikapu haichaji? Pima kwanza kabla hujanunua alteneta

Wakuu, taa ya betri ikiwaka kwenye dashibodi, alteneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa kuchaji betri) ndiyo husingiziwa uchawi kwanza. Inafungwa nyingine, taa inatulia siku chache, halafu inarudi. Kwenye pikapu mchawi mara nyingi ni waya: inarushwa kwenye mashimo, inapita kwenye tope, imeongezewa taa na soketi ya trela, na kila aliyefunga kitu alichubua waya mahali fulani. Kwa hiyo shika mita ya kupimia volti kabla hujashika spana. Vipimo hivi ni vya mfumo wa volti 12.

1. Betri, injini ikiwa imezimwa
Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Volti 12.6 imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu. Ikiwa chini ya 12.0 ichajiwe kwa chaja kwanza, maana betri tupu itavuruga kila kipimo kinachofuata. Kisha mwenzio apige stata wewe ukiangalia mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya 9.6, imechoka.

2. Mkanda na vichwa vya betri (vibano vya waya kwenye nguzo zake)
Mkanda usiwe umelegea wala kung'aa upande wa ndani. Vichwa vyenye unga vifunguliwe, hasi kwanza, visuguliwe ndani. Basi.

3. Injini ikiwaka
Kwenye betri usome 13.8 hadi 14.5. Ikipita 15, shuku regyuleta (kidhibiti volti cha alteneta) na usiendelee kuendesha hivyo, betri itachemka. Ikibaki 12 na kitu huku ikishuka, chaji haifiki. Usikimbilie dukani bado. (Pikapu za kisasa ambazo kompyuta ndiyo inaamuru chaji zinaweza kusoma chini kidogo wakati betri imejaa. Washa taa na feni, uone kama inapanda.)

4. Upotevu njiani
Hapa ndipo penye kazi. Injini ikiwaka, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, gusisha ncha nyekundu ya mita kwenye boliti nene nyuma ya alteneta, nyeusi kwenye nguzo chanya ya betri, ile risasi yenyewe, si kibano chake. Namba unayoiona ndiyo volti zinazopotea kwenye waya. 0.2 au chini yake, sawa. Ikiwa ni volti mbili tatu, tafuta fyuzi kuu iliyokatika au boliti iliyoungua. Alteneta inazalisha, njia imefungwa. Angalia mikono na mkanda, na spana isiunganishe boliti hiyo na bodi, ina umeme muda wote.

Rudia upande wa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri): ncha moja kwenye bodi ya alteneta, nyingine kwenye nguzo hasi. Ikizidi 0.2, hamisha ncha hatua kwa hatua: bloku ya injini, chesisi, kibano cha hasi. Namba inapobadilika ghafla, kosa ndipo lilipo. Kumbuka injini imekalia raba, na kebini pia, kwa hiyo umeme unarudi kupitia waya za ethi tu. Waya hizo huonekana nzima kwa nje; ukizikunja unahisi kama kuna mchanga ndani. Hiyo ni kutu ya kijani chini ya plastiki.

5. Dayodi
Dayodi ndizo zinazogeuza umeme wa alteneta uende upande mmoja. Geuza mita kwenye AC (volti za umeme unaogeuka-geuka), pima kwenye betri injini ikiwaka. Zaidi ya volti 0.5, dayodi za alteneta zina shida. Sasa ndiyo ifunguliwe.

MASWALI

Swali: Mkuu, fundi wangu huchomoa kichwa cha betri gari likiwaka. Lisipozima, anasema alteneta ni nzima. Ni sahihi?
Jibu: Mzuie, ndugu yangu. Betri ndiyo inayotuliza volti. Ukiichomoa ghafla zinaweza kuruka hadi makumi kadhaa na kuunguza kompyuta. Na gari kutozima hakuonyeshi kama chaji inatosha.

Swali: Shukrani kwa somo. Vipimo vyangu vyote viko safi ila asubuhi betri imekufa.
Jibu: Kuna kitu kinakunywa usiku. Zima kila kitu, funga milango, subiri hata saa nzima kompyuta zilale. Kisha weka ncha za mita, kwenye milivolti, juu ya vituo viwili vya kila fyuzi bila kuichomoa. Inayosoma sifuri haipitishi kitu. Inayosoma namba, fuata waya wake. Anza na redio na soketi ya trela.

Swali: Yangu haichaji mpaka nikanyage mafuta sana, na taa ya betri haiwaki hata nikifungua swichi.
Jibu: Kama ni pikapu ya zamani, balbu hiyo ndiyo inayoiamsha alteneta. Badilisha balbu kwanza, kisha upime tena hatua ya 3.