Edamame kwenye baridi ya Arusha na Moshi juu: mbegu gani, upande lini, uchume saa ngapi

Wadau mlioko Ngaramtoni, Machame, Kibosho na Marangu juu huko, edamame inakubali kabisa kwenye baridi yetu, ila ukichukua maelekezo ya watu wa Ulaya na Marekani ukayafuata kama yalivyo utaishia na vimche vifupi vyenye maganda ya kuhesabu na hutajua tatizo lilianzia wapi.

Edamame ni soya ileile inayosagwa kwenye uji wa lishe, tofauti inachumwa maganda yakiwa bado ya kijani na punje zimejaa. Wajapani wana aina zao walizochagua kwa ajili ya hiyo kazi, punje kubwa na utamu zaidi, lakini soya yoyote ukiichuma kwenye huo umri unakula vizuri tu.

Sasa mbegu, na hapa naomba tutulie kidogo. Nchi za baridi huko wanaambiana chagua mbegu inayokomaa mapema, na kwao ni sahihi, maana kiangazi chao ni kifupi, halafu mchana wake ni mrefu mno. Soya inapima urefu wa usiku ndo itoe maua, kwahiyo soya ya kawaida ukiipeleka Sweden inakaa inaota majani tu hadi baridi inaikuta, ndo maana ikabidi wazalishe aina kama Fiskeby zinazowahi kutoa maua hata mchana ukiwa mrefu. Sisi tuko karibu na ikweta, mchana wetu ni masaa 12 mwaka mzima na tofauti haifiki hata nusu saa, yani mbegu ya namna ile ikifika hapa inaona usiku mrefu toka siku ya kwanza, inakimbilia maua ikiwa haijajenga mwili. Baridi yetu ni ya mwinuko, sio ya kaskazini ya dunia, hivi ni vitu viwili tofauti. Tafuta mbegu iliyozoea nchi za joto, mfano Uyole Soya 1 iliyotoka kituo cha utafiti Uyole kule Mbeya, ambako nako ni baridi, au Bossier ya zamani ambayo wakulima wengi wanaijua. Na kama tayari umeletewa pakiti ya nje usiitupe, panda karibu karibu, sentimita 5 mche hadi mche, wingi wa miche utafidia ufupi.

Mbegu ya soya inapoteza uhai haraka kwenye stoo, hasa yenye joto, kwahiyo kabla ya yote weka punje 10 kwenye kitambaa chenye unyevu, zikiota chini ya saba ongeza mbegu au tafuta nyingine.

Kuhusu baridi yenyewe kuna sehemu mbili inakouma. Ya kwanza ni siku mbegu inapokunywa maji. Udongo unatakiwa uwe angalau digrii 15, ikinywa maji ya baridi kali inaharibika kwa ndani, inaoza au inatoa mche dhaifu, na ile tabia ya kuloweka usiku kucha kama mahindi ya makande usiilete huku. Mwagilia shamba asubuhi, acha jua lipashe udongo, panda mchana. Ya pili ni wakati wa maua, usiku ukiwa unashuka sana chini ya digrii 15 maua mengi yanadondoka bila kufunga ganda. Kwahiyo ratiba yote inazunguka hapo, hakikisha maua hayakutani na Julai. Kwa mwinuko wa Arusha mjini, mita kama 1,400, na kupanda juu kidogo, napendelea mwanzo wa Machi masika ikianza, au Februari kama una zamu ya maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia), hapo maganda yanajaa Mei hadi Juni mwanzoni. Ukichelewa hadi Aprili mwishoni bora usubiri vuli. Walioko Moshi mjini chini kule baridi sio shida yenu, nyie pambaneni na joto na maji.

Usipande chini ya migomba. Najua kihamba (shamba la nyumbani la migomba na kahawa) kimejaa na nafasi hakuna, lakini soya inataka jua la moja kwa moja, tafuta ukingo ulio wazi hata kama ni mistari miwili. Tengeneza matuta ili masika isituamishe maji, fukia sentimita 3, mche hadi mche sentimita 10, mstari hadi mstari 45 au 50. Samadi iliyooza vizuri na mbolea ya fosfeti ya Minjingu kidogo inatosha, urea achana nayo, soya inajitengenezea naitrojeni yenyewe kwa msaada wa bakteria wa kwenye mizizi. Shamba ambalo halijawahi kuwa na soya ni vizuri upake mbegu ule unga wa bakteria wa soya, uliza duka la pembejeo na uwe wa soya kweli, wa maharage ni mwingine, upake kivulini na upande siku hiyohiyo. Wakati wa maua chimbua mche mmoja taratibu, utaona vinundu kwenye mizizi, kata kimoja kwa kucha: pinki au nyekundu kwa ndani ujue kazi inafanyika, kikiwa cheupe au kijani mimea haipati kitu.

Miche ikichomoza linda dhidi ya njiwa na kuku, baadaye sota (viwavi wanaokata miche), na mvua zikizidi angalia ugonjwa wa kutu chini ya majani, usibananishe sana.

Kuchuma ndo kunataka jicho. Ganda likiwa bado kijani mbichi na punje zimevimba hadi zinakaribia kugusana, hiyo ndo saa yake, na una kama wiki moja tu, ukiona ganda linaanza unjano umeshachelewa, waachie wa uji wa lishe. Chuma asubuhi mapema, na usikae nazo, utamu unapungua kadri masaa yanavyoenda. Chemsha na maganda yake dakika 5 kwenye maji ya chumvi ya kutosha, mbichi kabisa usile, inasumbua tumbo. Za friza zichemshe dakika 2 au 3, tumbukiza maji ya baridi, kausha, funga.

Mbegu ya msimu ujao usiiache iwe yale masalia. Kabla hujachuma chagua miche yenye maganda mengi, funga kamba, iache ikauke shambani hadi ukiitikisa punje zinalia, halafu hifadhi pakavu na pa baridi na uitumie mwaka huohuo.